Wenye wazazi au bibi wenye ugonjwa wa kusahau (demensia): tupeane uzoefu wa kazi za mikono, hadithi na bustani

#1 BintiPangani

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mama yangu ana miaka 78. Kwao ni Pangani, sasa anaishi kwangu Tanga mjini. Alianza kwa kusahau vitu vidogo: chungu kikaungulia jikoni, muuza samaki akalipwa mara mbili kwa fungu lile lile. Kisha siku moja akatoka kwenda sokoni Mgandini, njia aliyoipita miaka nenda rudi, akapatikana alasiri upande wa baharini, viatu mkononi, hajui arudi vipi.

Hospitali ya kwanza tuliambiwa "huo ni uzee tu, mvumilieni", tukapewa vidonge vya vitamini tukarudi. Ya pili ndiyo daktari alikaa naye karibu saa nzima. Alimpima damu, akamuuliza maswali, akatuuliza na sisi, ndipo akatuambia ni demensia, ile inayoitwa Alzheimer.

Mwaka wa kwanza nilikosea sana, na naandika ili mwenzangu asipite nilikopita. Kila asubuhi nilikuwa namfanyia mtihani. "Mama, mimi nani? Leo siku gani? Jana tulikula nini?" Nilidhani namchangamsha akili. Yeye alikuwa ananitazama, anatafuta, hapati, machozi yanamlenga. Halafu kwa kuogopa asijiumize nikamnyang'anya kila kitu: kisu, jiko, fagio, hata mbuzi ya kukunia nazi. Nikamweka kwenye kochi mbele ya televisheni. Baada ya miezi miwili mama alikuwa hasemi tena. Na ikifika magharibi anajifunga kanga yake kiunoni, anasimama mlangoni, anataka kwenda kwao kwa mama yake. Mama yake alifariki mimi sijazaliwa.

Kilichobadilisha mambo kilikuja chenyewe. Jirani yangu alikuwa anasuka mkeka wa kumtuza bintiye aliyekuwa anaolewa. Akaja kukaa barazani kwetu na fungu lake la ukindu. Mama akanyoosha mkono, akachukua chane, akazilowesha kwenye bakuli la maji, akaanza. Hakuna aliyemwambia. Alisuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, karibu dhiraa mbili, huku anaimba kwa puani wimbo ambao sikuwahi kuusikia. Jioni ile hakuomba kwenda kwao.

Nilimuuliza daktari inakuwaje mtu asahau jina la mtoto wake na asisahau ukili. Akanieleza kwamba sehemu ya ubongo inayotunza mambo mapya huwa kati ya zinazoshambuliwa mwanzo, lakini kazi ambazo mikono imezirudia maelfu ya mara zimehifadhiwa kwingine, na huko ugonjwa huwa unachelewa kufika.

Sasa hivi tunafanya hivi. Ukindu nachana mimi, kwa sababu sindano na kisu simpi. Rangi ni mbili tu kwenye ukili mmoja. Zamani alikuwa anasuka nakshi za rangi nne, ila sasa hesabu yake inamchanganya. Tunakaa chini ya mwembe saa 2 hadi saa 4 asubuhi, kabla jua halijawa kali, na maji ya kunywa yako pembeni kwa sababu hakumbuki kiu. Akikosea simsahihishi. Ukili ukienda upande, unakwenda upande.

Naomba kujua wenzangu mnafanya nini. Si lazima ukindu. Chochote cha mikono, cha nyimbo, cha shamba.

#2 Mtoto wa Handeni

Nafuatilia huu uzi. Bibi yangu yuko hali hii hii, na hayo maneno ya kutaka kwenda kwao magharibi nilidhani ni kwetu peke yetu.

#3 Mkweli_Daima

Pole sana dada. Lakini tusidanganyane, ukindu hautibu ugonjwa. Mambo ya kuchora na kupanda maua ni ya Wazungu wenye nyumba za wazee na wahudumu wa kulipwa. Mzee wa huku anahitaji dawa na maombi. Hayo mengine ni kupoteza muda.

#4 BintiPangani

Ndugu yangu, hautibu. Nimesema wapi kwamba unatibu? Dawa alizoandikiwa anakunywa na dua tunaomba. Lakini dawa anameza kwa dakika moja. Baada ya hapo kuna mchana mzima, na huo mchana ndio mama anauishi. Mimi nataka uwe mchana wa mtu, asikae kama mzigo uliowekwa kwenye kochi.

Na ukindu si wa Wazungu. Mama yangu amenisomesha kwa mikeka.

#5 Muuguzi_Mstaafu

Binti, Mungu akubariki kwa kufungua jambo hili. Nimefanya kazi wodini miaka mingi kabla ya kustaafu, naomba niongeze machache.

La kwanza, kwa yeyote anayesoma hapa: kama mzee amechanganyikiwa GHAFLA, ndani ya siku moja au mbili, hiyo usiiite demensia na usimpe ukindu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, kukosa maji mwilini, au dawa mpya haijamkubali. Hayo yanatibika, na yakichelewa yanaua. Demensia kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka.

La pili, kuhusu "mambo ya Wazungu". Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kulikuwa na watu milioni 57 wenye demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa kwetu, uchunguzi uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea wana demensia. Hiyo ni kama mzee mmoja kwa kila 16. Wako vijijini kwetu, ila hatuna jina la kuwaita, tunasema "amezeeka".

Na huko huko Hai pamefanyika jambo ambalo linafanana na alichogundua Binti mwenyewe. Kuna mpango ulioanzia Uingereza wa kuchangamsha akili kwa makundi: wazee wachache wanakutana mara 2 kwa wiki kwa wiki 7, vipindi 14 jumla. Wanaongea utotoni kwao, wanapika, wanacheza, wanatengeneza vitu kwa mikono, wanasikiliza sauti na kuzitambua. Ulipoletwa Hai ilibidi utoholewe, kwa sababu wazee wengi hawakupita shule na wengine macho hayaoni vizuri. Karatasi na kalamu zikapungua, vikazidi vitu vya kushika, vya kunusa, na nyimbo wanazozijua. Ukafanya kazi, wazee wakashiriki.

La tatu, niseme ukweli wa ushahidi ili tusiuziane matumaini. Kuhusu muziki, tafiti zilizokusanywa zinaonyesha unapunguza huzuni kwa watu hawa. Kuhusu uchoraji wa tiba, wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipopitia mwaka 2018 walipata tafiti mbili tu za kutegemewa, hazitoshi kusema lolote kwa uhakika. Hakuna ushahidi kwamba sanaa inasimamisha ugonjwa. Lakini kuna jambo moja natamani kila familia ilijue. Mwaka 2014 watafiti wa Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer filamu za huzuni na za furaha. Baada ya muda mfupi wengi hawakukumbuka walichokitazama, lakini ile huzuni au furaha ilikuwa bado imo ndani yao. Maana yake mama akisuka asubuhi kwa amani, mchana hakumbuki kusuka, ila amani anabaki nayo. Na ukimfokea, atasahau ulisema nini, atabaki na uchungu usio na jina.

La mwisho, mpime macho na masikio. Wazee wengine hawasuki kwa sababu ya mtoto wa jicho, au hawaimbi kwa sababu hawasikii, si kwa sababu ya akili.

#6 Kihamba76

Shikamoo Muuguzi. Mimi ni mtu wa Machame, huko huko Hai ulikokutaja, na baba yangu ni mmoja wa hao mmoja kwa 16.

Mzee ana miaka 83. Watoto sita, na wote anatuita jina la kaka yake aliyekufa. Lakini mwingize kihambani, shamba letu la migomba na kahawa nyumbani. Anagusa shina la mgomba anakwambia huu mshare, huu mraru, ule kule kitarasa wa pombe ya mbege. Hakosei. Mwaka jana nilikuja naye hatua kwa hatua hadi kwenye masale, mimea ya mpaka, akasimama, akanieleza mpaka huu uliwekwa na nani na nani walikuwepo. Nikamuuliza baba mdogo, akasema ni kweli tupu. Nimeandika.

Sisi kosa letu lilikuwa kahawa. Msimu ulipoanza alitaka kuchuma kama kawaida yake. Tukamwacha. Akachuma nyekundu na kijani pamoja, debe zima likaharibika bei, kaka yangu akapandwa na hasira akamtoa shambani mbele ya vibarua. Mzee alilala siku mbili hataki kula. Alisahau sababu, lakini ile aibu ilibaki, kama alivyosema Muuguzi.

Tulikaa kikao cha familia. Tukaamua mzee apewe mibuni miwili karibu na nyumba, ni yake. Achume nyekundu, achume kijani, hatumgusi. Anayochuma mama anakausha, anatwanga, na ndiyo kahawa tunayokunywa nyumbani. Mzee akiletewa kikombe anaambiwa "hii ni ya mibuni yako". Kila siku anaambiwa, kila siku anafurahi upya.

Majani ya ng'ombe tumemwachia pia, ila hakati na panga. Sisi tunakata tunarundika, yeye anabeba kidogo kidogo hadi zizini. Ng'ombe akimsikia tu anaanza kulia, na mzee anamjibu.

Tahadhari kwa wa milimani: mfereji wa maji na mteremko. Masika simtoi peke yake, tope linateleza. Na kama uzio wenu ni wa minyaa, utomvu wake ukiingia machoni ni hatari kubwa, na wazee hawa hupenda kuvunjavunja vijiti. Mbono kaburi nao, mbegu zake ni sumu na zinafanana na kitu cha kutafuna.

#7 Fundi_wa_Changamwe

Hamjambo kutoka Mombasa. Babangu alikuwa mchongaji hapa Changamwe, alichonga twiga na vifaru tangu ujana wake. Alipoanza kusahau tukaficha tezo na patasi zote, maana alijikata kidole. Akawa anazunguka nyumba anafungua makabati, anatafuta. Tuliambiwa ni dalili za ugonjwa. Mimi nasema alikuwa anatafuta vyombo vyake vya kazi.

Nikapata wazo la kumrudishia kazi kuanzia mwisho. Kinyago kikishachongwa kinapigwa msasa, kisha kinapakwa rangi ya viatu na kusuguliwa kwa kitambaa hadi king'ae. Hapo hakuna makali. Wachongaji wenzake wananiletea vinyago vidogo vya mwarobaini, mzee anavipiga msasa, vinarudi kuuzwa. Kabla hajaanza ananusa kwanza. Anajua huu ni mwarobaini, huu muhugu, na mpingo anaupima kwa uzito wa mkononi.

Anakaa hata saa mbili na nusu. Akiwa na msasa mkononi hafungui makabati.

Jambo moja nimejifunza: vumbi. Mpeni kitambaa cha kufunika pua, na akae nje.

#8 Mlezi_Ughaibuni

Nawasalimu kutoka Uingereza. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye makao ya wazee huku, mwaka wa tisa sasa.

Huku haya mambo yamepangwa rasmi. New York jumba la sanaa la MoMA lilianza mwaka 2006 kuwakaribisha watu wenye demensia na walezi wao kutazama picha na kuzungumza. Uholanzi wana kijiji kizima cha wagonjwa, Hogeweyk, chenye bustani, duka na njia za kutembea, tangu 2009, na wana mashamba ambako wazee wanakwenda mchana kulisha kuku na kuokota mayai. Kulikuwa na mchoraji Mmarekani hapa London, William Utermohlen, aliambiwa ana Alzheimer mwaka 1995, akaendelea kujichora uso wake mwenyewe mwaka baada ya mwaka. Ukizipanga picha hizo unaona uso unavyopotea, lakini mkono bado unatafuta.

Tulichofundishwa ni kutouliza swali lenye jibu moja. Usiseme "hii ni nini?" Sema "unaionaje hii?" Hapo hawezi kukosea.

Lakini nilichotaka kusimulia ni kingine. Kwenye makao niliyokuwa zamani aliletwa bibi mmoja mzaliwa wa Unguja. Aliishi huku zaidi ya miaka 40, Kiingereza chake kilikuwa safi kwa maelezo ya wanawe. Ugonjwa ulikifuta chote, akabaki na Kiswahili. Kwenye ripoti waliandika kwamba "anatoa sauti zisizo na maana". Alikuwa anaomba maji.

Nilipopangwa zamu yake mara ya kwanza, sikujua nianzie wapi. Alikuwa amegeukia ukutani. Nikakaa kitini, nikasema tu: "Paukwa!"

Kimya. Nikarudia: "Paukwa!"

Akasema, taratibu, bado kageukia ukuta: "Pakawa."

Mimi nikalia pale pale. Nikatega kitendawili. Nyumba yangu haina mlango. Akajibu "yai" kabla sijamaliza. Kuanzia siku ile kila zamu yangu tunaanza hivyo. Sikumuuliza hata siku moja jina lake wala tarehe. Vitendawili vina hii sifa, kwamba ukishatega, jibu linakuja lenyewe kama mguu unavyoshuka ngazi. Na akitoa jibu lisilo lenyewe, tunamwambia atupe mji, mchezo unaendelea, haoni aibu.

Bustani ya yale makao ilikuwa ya mawaridi, nzuri, lakini kwake haikuwa na maana. Nikanunua mrehani kwenye duka la Wahindi, nikaupanda kwenye ndoo dirishani kwake. Akawa anapitisha kiganja juu ya majani, ananusa kiganja, anafumba macho. Siku moja alinichumia kijitawi akanipachika nyweleni, akaniambia nisichelewe harusini.

Kwa hiyo bustani yoyote haitoshi. Ni lazima iwe bustani yake.

#9 Mtoto wa Handeni

Mlezi, nimesoma hiyo mara tatu. Jana nimepiga simu nyumbani, nikamwambia mdogo wangu ampe bibi simu. Nikasema "Kitendawili!" Bibi akajibu "Tega!" kwa sauti kubwa. Miezi minne alikuwa haongei na mimi kwenye simu, anaipa tu mgongo.

#10 Dada_K

Jamani naomba msaada. Baba yangu alikuwa mhasibu wa serikali, miaka 30 na zaidi ofisini. Hajawahi kushika jembe wala kusuka. Nilimpa mchicha achambue akanirushia, akasema hizo ni kazi za wanawake. Anakaa anagonga vidole mezani tu. Mtu wa namna hii anafanya nini?

#11 Muuguzi_Mstaafu

Binti yangu, usimlaumu. Umempa kazi ya mtu mwingine. Mikono ya baba yako nayo ina ufundi wake: kalamu, rula, muhuri, kupanga karatasi. Mnunulie daftari kubwa la hesabu lenye mistari. Kaa naye umtajie: mkaa kiasi hiki, sukari kiasi hiki, nauli. Aandike. Hesabu isipotoka usiikague. Mwambie asaini mwisho wa ukurasa. Kama kuna duka au kibanda cha familia, risiti zake azipange kwa tarehe au hata kwa ukubwa. Pesa zenyewe zikae mbali naye, wezi wa simu wanawapenda wazee hawa.

Na bao je? Wazee wengi wa rika lake walicheza. Kanuni zikimpotea, bado kushika kete na kuzipanga shimoni kunatuliza.

Asubuhi mtoke naye kutembea kama anakwenda kazini. Shati, viatu, gazeti kwapani. Jua la asubuhi na kutembea vinasaidia usingizi wa usiku, na usiku wa mzee mwenye demensia ndio unaowamaliza walezi.

#12 Mpwa_wa_Bi_Mkubwa

BintiPangani, swali la pembeni. Shangazi yangu naye anasuka ukili, nimeanza baada ya kusoma hapa. Ila ukindu ni ghali na anamaliza fungu upesi. Kwa hiyo usiku akilala naufumua, asubuhi anaanza upya na zile zile chane. Hajui. Ni vibaya?

#13 BintiPangani

Ndugu yangu, nami nilifanya hivyo hivyo, kwa sababu hiyo hiyo. Nikuambie kilichotokea.

Kwa wiki mbili mambo yalikuwa shwari. Asubuhi moja mama akauchukua ukili wake, akanyoosha mikono kuupima kama afanyavyo kabla ya kuanza. Jana yake ulikuwa umefika pima nzima na ushei. Sasa ulikuwa kama utepe. Hakumbuki kuusuka, lakini mikono ilijua urefu uliotakiwa kuwepo. Akanitazama akasema, "Humu ndani kuna mwizi." Ikachukua wiki nzima akificha chane chini ya godoro, ananihesabia vikombe, hataki nimguse. Nilijisikia vibaya sana kwa sababu alikuwa sahihi. Nilikuwa namwibia.

Tangu siku ile sifumui. Ukili unaning'inia msumarini ukutani, anauona unavyorefuka. Ukijaa, jirani anaushona, unakuwa mkeka, mkeka unalaliwa. Una sehemu umepinda na watoto wanalala juu yake vile vile. Mwingine tumepeleka msikitini, na mama tulimpeleka tukautandika naye.

Nikisoma yaliyoandikwa humu naona ni kitu kile kile kila mahali. Mibuni miwili ya mzee wa Machame inakuwa kahawa ya nyumba. Vinyago vya Changamwe vinauzwa. Kazi inakwenda mahali. Ndiyo maana mimi sikubaliani na ushauri ambao wengine hutoa, wa kuchanganya choroko na kunde makusudi ili mzee achambue, kisha unachanganya tena. Nampa mama vikombe viwili vya choroko zitakazopikwa leo, zichambuliwe kweli, na akimaliza anaona zikiingia chunguni. Akichoka katikati namalizia mimi.

Kwa gharama: tumia makuti mabichi ya mnazi, au uliza wasukaji wa mtaani mabaki yao mafupi, wanayatupa. Ufupi hauna tabu, anaunga.

#14 Mlezi_Ughaibuni

Dada naomba nikupinge kidogo. Kuna hatua ugonjwa unafika ambapo kazi kwenda mahali hakumsaidii yeye, kunakusaidia wewe. Nina wazee wanaokunja taulo zile zile kutwa nzima na wametulia. Sikuwaibia kitu. Mtazame uso wake. Akitulia endelea, akishtuka acha.

#15 BintiPangani

Nimekusikia, na wewe umewaona wengi kuliko mimi. Mimi naongea na hatua aliyopo mama leo.

#16 Ng'wana_wa_Ziwani

Niongezee la kanda yetu ambalo halijasemwa. Bibi yangu alikuwa anatoka usiku, anaongea peke yake, macho mekundu ya moshi wa miaka yote jikoni. Mnajua kwetu maneno ya uchawi huanzaje. Tuliogopa, tukamfungia ndani kumlinda, na kumfungia kukazidisha maneno.

Sasa tumemtoa. Asubuhi anakaa uani mahali pa wazi, anapukuchua mahindi, watoto wa jirani wanakuja kwa sababu anaimba. Si wote waliobadilika, kuna nyumba bado wanavuka njia. Lakini mwenyekiti wa kitongoji tulimweleza ni ugonjwa, na una jina, na jina tulilipata hospitali. Anapita kumsalimia. Namba yangu ya simu nimeishona kwenye pindo la kanga zake zote, na bodaboda wa kijiweni wanamjua.

#17 BintiPangani

Wakuu, ni miezi saba tangu nifungue uzi huu. Wengine mmeniuliza faraghani, najibu hapa.

Mama hasuki tena. Tangu baada ya Idi mikono inashika chane lakini haiendi. Mara ya kwanza aliitazama muda mrefu, akaiweka chini kwa adabu, kama mtu aliyerudisha kitu cha kuazima. Nilichanganyikiwa, nikaondoa ukindu wote barazani. Ikawa kosa jingine, zile magharibi za kusimama mlangoni zikarudi.

Nikaurudisha. Anapenda kuushika ukiwa na maji. Anapenda kuunusa, hasa ule mpya ambao haujatiwa rangi. Ninapochovya rangi yeye hakai karibu na sufuria, maji yanachemka, lakini kuanika kwenye kamba anaweza. Anatandaza chane moja moja, nyekundu kwa nyekundu, zambarau kwa zambarau, na hakosei rangi.

Jioni nimeanza kusuka mimi. Nilijifunza utotoni nikaacha, mikono yangu mizito. Jana alikaa pembeni yangu, akawa anaitazama kazi. Nilipokosea akanishika kidole akakirudisha nyuma, hakusema kitu. Kisha akachukua fungu la chane mapajani mwake, akawa ananipa moja, nikishaiunga ananipa nyingine, hivyo hivyo hadi adhana ya magharibi ikaita, na hakuinuka.